Mavuno ya viazi huanza kupotea kwenye mbegu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wakulima wenzangu wa viazi mviringo wa hapa Lushoto, pamoja na maofisa ugani wanaotutembelea. Kila msimu tunahangaikia mbolea na dawa ya ukungu, ilhali mavuno yetu huanza kupungua siku ile tunapochagua mbegu.

Desturi yetu inajulikana: viazi vikubwa hupakiwa kwenda Tanga mjini na Dar es Salaam, na vidogo visivyopata mnunuzi ndivyo vinavyobakizwa vipandwe. Udogo peke yake si kasoro, maana kiazi cha ukubwa wa yai la kuku hufaa sana kwa mbegu. Lakini shina lililoshambuliwa na virusi huzaa viazi vidogo, hivyo anayepanda masalia msimu hadi msimu hujikuta anaurithisha ugonjwa shambani mwake. Mnyauko wa bakteria ni mbaya zaidi, kwa kuwa hujificha ndani ya kiazi kinachoonekana kizima, na katika miteremko yetu maji ya mvua huuteremsha hadi shamba la jirani. (Jirani naye hukimbilia duka la pembejeo, ingawa hakuna dawa ya kunyunyiza inayoutibu.)

Kutofautisha mnyauko huo na kiu ya kawaida si kazi ngumu. Kata kipande cha shina la mmea ulionyauka, ukining'inize katika glasi ya maji safi yaliyotulia. Uzi mweupe wa ute ukishuka ndani ya dakika chache, hao ni bakteria. Mmea huo ung'olewe pamoja na viazi vyake na kuteketezwa, na eneo hilo lipandwe mahindi kwa misimu kadhaa, wala si nyanya, biringanya au pilipili hoho, ambazo ni jamii moja na kiazi na huugua vilevile.

Mbegu iliyothibitishwa ndiyo bora, lakini si kila mmoja anaimudu. Asiyeimudu aweke vijiti vya alama kwenye mimea yenye afya wakati wa kutoa maua, mavuno ya mimea hiyo ayachimbe kando na mengine, kisha ayatandaze kwenye chanja mahali penye mwanga hafifu ili machipukizi yawe mafupi na imara. Viazi vya kula vikae gizani, kwani vikigeuka kijani huwa na sumu.

Ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/2023 ilikuwa hatua njema, ila mbolea haiponyi mbegu yenye ugonjwa. Naiomba halmashauri ivisaidie vikundi vya wakulima kupata mbegu safi ya kuanzia na mashamba ya kuizalisha, yaliyo juu ya mteremko na yasiyopandwa viazi kwa miaka ya karibuni, kabla ya mvua za masika.

Mkulima,
Lushoto, Tanga