Vidonge vya “kinga ya mionzi” visimezwe wakati wa tiba

Mhariri,

Wagonjwa wa saratani wanaotibiwa kwa mionzi, iwe hospitali ya Ocean Road au ya Bugando, wanashawishiwa kununua vidonge vya manjano, mlonge au vitamini E ili “kuukinga mwili”. Tunaomba nafasi tueleze kwa nini visimezwe katika wiki za tiba.

Mionzi ikipita mwilini huvunja maji yaliyomo kwenye seli, zikazaliwa chembe kali zinazokata vinasaba. Antioksidanti, yaani viambato kama vilivyomo kwenye vidonge hivyo, huzidaka chembe hizo, lakini lazima ziwepo kabla, kwa kuwa chembe zenyewe hazidumu hata kwa kitambo cha kupepesa jicho. Mwaka 1949, Harvey Patt na wenzake huko Argonne, karibu na Chicago, waliwapa panya sisteini: waliopewa kabla ya mionzi walikingwa, waliopewa baada yake hawakukingwa. Kwa hiyo dawa ya “kusafisha mionzi” baada ya kupigwa eksrei haina kazi. Mashine ya eksrei haiachi mabaki ya kusafishwa.

Hatari ni kwamba uvimbe nao hupata kinga hiyohiyo. Quebec, Kanada, wagonjwa 540 wa saratani za kichwa na shingo waligawanywa, baadhi wakapewa vitamini E yuniti 400 kwa siku, na wale wa mwanzo kuandikishwa wakapewa pia beta-karotini, antioksidanti nyingine. Madhara makali ya tiba yalipungua kidogo kwa waliopata vyote viwili. Lakini miaka ilipopita, waliokufa walikuwa wengi zaidi katika kundi la vitamini.

Manjano je? Jaribio la Marekani la wanawake 30 wenye saratani ya matiti, ambapo baadhi walipewa kila siku gramu 6 za kurkumini, kiini cha manjano, lilionesha kuwa ngozi ya waliopewa iliungua kwa kiasi pungufu kuliko ya wasiopewa. Liliporudiwa kwa wagonjwa 686, tofauti haikuonekana. Unga wa manjano una kurkumini kama asilimia 3 tu, hivyo gramu 6 zingehitaji unga gramu 200 kwa siku. Manjano ya mchuzi endeleeni nayo, hayana tatizo.

Chenye ushahidi wa kutia moyo ni asali, kwa vidonda vya kinywa vinavyoletwa na mionzi. Jaribio dogo la Malaysia, mwaka 2003, lilitumia mililita 20 kila mara, yaani vijiko vinne vya chai: dakika 15 kabla ya mionzi, dakika 15 baada yake, na tena baada ya saa sita. Izungushwe taratibu mdomoni, kisha imezwe. Majaribio mengine hayakuona faida, lakini asali haijaonekana kuukinga uvimbe. Isichemshwe wala kutiwa kwenye chai ya moto, maana kimeng’enya chake hufa. Iliyochakachuliwa kwa sukari guru haifai. Mate yakikauka kwa sababu ya mionzi, meno huoza upesi, hivyo mswaki laini na dawa yenye floridi ni lazima. Mwenye kisukari aanze kwa daktari: dozi tatu zina karibu gramu 70 za sukari.

Kusukutua, changanya robo kijiko cha chai cha bikaboneti ya soda na nusu ya kiasi hicho cha chumvi katika kikombe cha maji ya uvuguvugu, kisha tema. Magadi ya kupikia maharage yasitumike! Ni makali mno kwa kinywa chenye vidonda.

Tunaomba kliniki zimuulize kila mgonjwa, kabla ya siku ya kwanza ya mionzi, anameza nini nyumbani, bila kumkaripia, asije akaficha. Na gazeti lako, Mhariri, lisipokee matangazo ya vidonge hivi.

Wahudumu wa tiba ya mionzi,
Dar es Salaam