Tuhesabu visima vinavyotoa maji, si vilivyozinduliwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalotugusa sisi wa Mbarali na, bila shaka, wenzetu wa Isimani, mkoani Iringa, na kwingineko katika Nyanda za Juu Kusini ambako hakuna chemchemi karibu. Kila kiangazi magazeti, hili lako likiwamo, huchapisha picha za uzinduzi wa visima: utepe unakatwa, mgeni rasmi anasukuma mpini wa pampu, kina mama wanapiga vigelegele. Sina ugomvi na picha hizo, kwani furaha inayoonekana ni ya kweli. Ombi langu ni kwamba mwandishi wenu arudi mahali pale pale baada ya miaka miwili, atueleze kama pampu ile ingali inatoa maji.

Watu wa mbali hudhani mkoa wetu hauna shida ya maji, kwa sababu picha waliyo nayo ni ya Tukuyu, mji wa milimani wilayani Rungwe. Ni kweli kwamba Rungwe hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka katika maeneo mengi, na vijiji vyake vinaweza kuteremsha maji ya chemchemi kwa bomba la mserereko bila mashine wala dizeli. Sisi wa Mbarali, katika uwanda wa Usangu, milima hiyo tunaiangalia tu. Mvua yetu ni ndogo mno ikilinganishwa na ya huko, na mito inayoshuka hugawanywa katika mifereji ya mpunga kiasi kwamba Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha tangu mwaka 1993. Asiye na kisima huku huchota kwenye mfereji, katika maji ambayo ng'ombe wameyakanyaga na ambayo yamepita katika mashamba yaliyopuliziwa dawa.

Maji ya kisima yana usalama wake kwa sababu mvua iliyozama ardhini huchujwa na mchanga na udongo kwa muda mrefu kabla ya kufika yanakohifadhiwa, na vijidudu vingi hunaswa au kufa njiani. Lakini usalama huo unategemea ujenzi. Kisima ambacho sehemu yake ya juu haikuzibwa kwa saruji, kisicho na sakafu wala mfereji wa kuondoa maji yanayomwagika, au kilichochimbwa jirani na choo, hupokea uchafu moja kwa moja. Wataalamu hushauri choo kikae angalau mita 30 kutoka kisimani. Walioona pampu na kudhani kipindupindu kimekwisha wakumbuke London mwaka 1854, pale daktari John Snow alipoonyesha kwamba waliokuwa wakiugua katika mtaa mmoja walikuwa wakinywa maji ya pampu moja, na baadaye ikagundulika kwamba shimo la maji machafu lilikuwa karibu sana na kisima chenyewe.

Tena kuna sumu zisizoonekana wala kunuka. Nchini Bangladesh mamilioni ya visima vilichimbwa ili kuwaepusha watu na magonjwa ya kuhara, kwa nia njema kabisa, na ni katika miaka ya 1990 ndipo ilipojulikana kwamba vingi vilikuwa na aseniki inayotoka ardhini. Hapa Tanzania tatizo linalojulikana zaidi ni floraidi, hasa mikoa ya kaskazini, ambako meno na mifupa ya watoto huathirika; Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Sisemi kwamba maji yetu yana sumu. Ninachosema ni kwamba mwananchi ana haki ya kusomewa majibu ya maabara katika mkutano wa kijiji kabla ya pampu kufungwa. Upimaji wa miamba nao ufanyike kabla ya mtambo kuletwa, maana sehemu kubwa ya Iringa imekaa juu ya mwamba mgumu ambao maji yake yamo katika nyufa tu, na anayechimba kwa kubahatisha anaweza kuteketeza fedha zote katika shimo kavu.

Hata hivyo, linaloniudhi zaidi ni matengenezo. Mwaka 1971 serikali ilianzisha mpango wa miaka 20 wa kumfikishia maji kila mwananchi wa kijijini ifikapo 1991. Maji yalikuwa ya bure, matengenezo yakaachiwa serikali, na pampu nyingi zikasimama kwa kukosa kifaa na fundi. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ikageuza mambo, ikataka watumiaji wagharamie uendeshaji, huku kila kituo kikihudumia watu 250 na kisiwe mbali zaidi ya mita 400. Sasa tunao RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2019, na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Mfumo upo. Kinachokosekana mara nyingi ni kipuri kidogo, kile kipira cha ndani ya pampu kinachochakaa.

Pampu ya mkono aina ya Afridev ilibuniwa kwa ajili ya Afrika Mashariki ili wanakijiji wenyewe waweze kuifungua na kubadilisha vipuri kwa zana chache, bila kuleta winchi. Faida hiyo ni bure kama vipuri havipatikani karibu zaidi ya Mbeya mjini, au kama fundi aliyefunzwa amehamia Makambako kutafuta kazi. Familia ya watu watano, kwa kiwango cha lita 25 kwa kila mtu, huhitaji lita 125 kwa siku, yaani ndoo sita za lita 20 na zaidi kidogo. Siku pampu inapoharibika ndoo hizo hazipungui. Wasichana hurudi mfereji ule ule, na kuhara hurudi pamoja nao.

Najua wapo watakaojibu kwamba maji ni ya Mungu na hayauzwi. Nakubali kwamba ni ya Mungu, lakini kipira kinauzwa dukani na muuzaji hakopeshi. Shilingi chache kwa kila ndoo zinatosha, mradi mapato na matumizi yabandikwe ukutani mwa ofisi ya kijiji, maana pale watu walipokataa kuchangia, aghalabu hawakukataa kulipia maji bali kuibiwa. Wazee wasiojiweza na wagonjwa wasamehewe kwa uamuzi wa mkutano.

Kwa hiyo nawaomba wafadhili, makanisa, misikiti na halmashauri wanaotuchimbia visima watenge katika bajeti ile ile fedha ya kupima usalama wa maji, ya seti ya vipuri itakayokaa kijijini, na ya kufunza mafundi wawili, mmoja wao mwanamke mwenye nyumba yake hapa. Kama fedha haitoshi visima vitano, wachimbe vitatu. Na nawaomba ninyi, Mhariri, mchapishe kila mwaka orodha ya visima mlivyoripoti kuzinduliwa, mkionyesha vinavyofanya kazi na vilivyosimama, na ni kwa muda gani.

Msomaji wako,
Mbarali, Mbeya.