Walimu wakuu wa vijijini waandaliwe vijijini

Mhariri,

Mwalimu mkuu wa shule ndogo ya kijijini ni nadra kukaa ofisini. Asubuhi anafundisha madarasa mawili ndani ya chumba kimoja, mchana anaandika hesabu za shule, jioni yuko kwa mzazi aliyemwachisha mtoto masomo wakati wa mavuno. Mafunzo mengi ya uongozi, hata hivyo, humwandaa kana kwamba kila shule ina naibu, karani na mhasibu. Inaniuma kuona walimu wazuri wakiomba uhamisho kabla hawajafahamiana na wazazi. Anayesomea uongozi akae muhula mzima kijijini, chini ya mwalimu mkuu mzoefu, ajifunze hasa kuendesha kikao cha wazazi: kusikiliza kwanza, kisha kusema. Wazazi hao nao waulizwe kabla hajapewa cheti.

Mwalimu mstaafu