Lile jibu nililowapa wazee wa kanisa

Mwanangu,

Hii barua nimeianza mara nyingi nafuta, leo naandika ivo ivo inavyokuja. Kuna kitu nilifanya hukijui na nataka ukisikie kwangu kabla hujaambiwa na mtu mwingine.

Ile wiki ulivyoondoka nyumbani wazee wa kanisa wawili walinisubiri nje baada ya ibada, wakaniuliza, mama, haya tunayoyasikia kuhusu binti yako ni kweli? Kwamba siku hizi anajiita mwanaume na jina kabadili? Na mi nilikuwa najua kila kitu, ulishaniambia mwenyewe, ulikaa pembeni ya kitanda changu ukaongea kwa sauti ndogo na ukaanza kwa kuniomba msamaha kama mtu aliyevunja kitu cha watu. Nilijua kabisa. Nikawajibu, yeye ni mtu mzima, muulizeni mwenyewe. Nikabeba mkoba wangu nikaondoka na njia nzima najisifu, nikaona nimejibu kwa hekima, sijadanganya wala sijajiingiza.

Kama miezi miwili baadae kwenye somo la Biblia la akina mama tukafika Yohana 9, yule aliyezaliwa kipofu. Hiyo habari naijua toka sande skuli, tope, mate, birika la Siloamu, ila wazazi wake sikuwahi kuwaangalia hata siku moja. Wanaitwa wanaulizwa huyu ndo mwana wenu, imekuwaje anaona? Na wao wanajibu ni mtu mzima, muulizeni yeye, atajisemea mwenyewe. Mstari wa 21. Afu Yohana anaeleza wazi kwa nini wamejibu vile, waliogopa viongozi, maana ilishaamuliwa mtu akimkiri Yesu kuwa ni Kristo anatengwa na sinagogi. Wenzangu wakaendelea kusoma, mi nimebaki hapo hapo kwenye 21, maneno yangu kabisa kwenye midomo ya watu wengine. Nikasingizia simu nikatoka nje.

Toka siku hiyo nimekuwa najichunguza mwanangu, na nilichokikuta sio kizuri. Miaka yote nilikwambia shida yangu na wewe ni imani. Nilikusomea Mwanzo 1:27, mwanaume na mwanamke aliwaumba, nilikusomea Kumbukumbu la Torati 22:5, mwanamke asivae mavazi ya mwanaume, nikakusomea nimesimama mlangoni ili usipite. Juzi nimerudi nikaisoma sura yote, kumbe mstari wa 11 unakataza nguo ya sufu iliyochanganywa na kitani, na mi sijawahi kumsimamisha mtu mlangoni nikamuuliza nguo yake imefumwa na nini. Siutupi ule mstari, bado nausoma na bado unanisumbua. Ila siku ile sio mstari ulionipandisha hasira. Nilikuwa nawaza ubatizo wa mtoto wa mjomba wako Jumapili inayofuata, tutaingiaje, tutakaa wapi, watu watasemaje. Nikiwa chumbani napiga magoti peke yangu nilikuwa nakuombea kwa amani kabisa, hofu ilikuwa inanishika nikifikiria watu, na hiyo hofu nikaivalisha joho nikaiita kumcha Mungu.

Na yale maombezi. Nilikupeleka wakakushika kichwa wakakemea mapepo kwa masaa, we umetulia tu unaniangalia mimi, huwaangalii wao. Hiyo sura yako sijaisahau. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 walipitisha orodha yao mpya ya magonjwa, ikaanza kutumika Januari 2022, na humo hali kama yako wameitoa kwenye magonjwa ya akili. Wataalamu wa shirika hilo wameshaacha kukuhesabu mgonjwa wa akili, mi niliyekuzaa nilikuwa bado nazunguka natafuta wa kukutoa pepo. Nisamehe kwa hilo, nisamehe sana.

Makanisa yenyewe hayajakubaliana, nisikufiche. Hata Vatikani mwaka 2023 walisema mtu aliyebadili jinsia anaweza kubatizwa, kwa masharti, afu 2024 wakatoa waraka mwingine unaopinga kubadili jinsia. Na mimi kuna maswali yangu yapo, mengine ntakuuliza na mengine yatakuudhi. Lakini nisikuulize tena kwa kupitia wachungaji.

Kuhusu jina. Nilikuwa nashukuru lugha yetu, maana nikikuongelea nasema yeye, anakuja, amelala, na mtu hajui nasema wa kike au wa kiume, na mwanangu ni mwanangu tu. Nimejificha humo muda mrefu ili nisikuite binti mbele yako na nisikuite kwa jina lako mbele za watu. Afu nikakutana na Isaya 56, Mungu anaongea na matowashi, yaani wanaume waliohasiwa, watu ambao torati ilishawafungia mlango wa kusanyiko, anawaahidi ndani ya nyumba yake jina lililo bora kuliko kuwa na wana na binti. Najua towashi sio wewe, sitaki kulazimisha Biblia iseme nisichokijua. Ila nilikaa na hilo neno jina usiku mzima, kwamba Mungu anaona mtu anahitaji jina la kuitwa nyumbani.

Yule kijana wa Yohana 9 walimfukuza kweli. Mstari wa 35 Yesu alisikia wamemtoa nje akamtafuta mpaka akampata. Nimeisoma sura mpaka mwisho nione kama wale wazazi wanarudi hata kwa mstari mmoja. Hawarudi.

Kwa hiyo Jumapili iliyopita niliwafuata wale wazee pale pale nje nikawaambia lile swali lenu nilijibu vibaya, nalijibu upya, ndiyo ni kweli, aliniambia mwenyewe, ni mwanangu na jina lake ni hili. Nikalitaja. Mmoja alinyamaza, mwingine akasema wataniombea. Jumatano nikaambiwa nipumzike kidogo uongozi wa akina mama. Imeniuma, siwezi kusema haijaniuma, ila nimelala.

Baba yako hataki kuliongelea bado, usimtegemee kwa sasa. Lakini juzi kaniuliza kama unatumia namba ile ile, nikamwambia ndiyo, akaenda nje. Kwenye simu yangu nimeshafuta lile jina la zamani, ukipiga litatokea lako. Piga hata usiku, na ulimi wangu ukiteleza nirekebishe, usikate simu.

Mama yako