Salamu za Idi kutoka Langoni, Lamu

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Kwa ndugu, jamaa, majirani wa Langoni na Mkomani, na wanafunzi wangu wa zamani mlioko Malindi, Mombasa, Nairobi na ng'ambo: Idi Mubarak. Taqabbalallahu minna wa minkum. Mola azikubali saumu zetu, tarawehe zetu na dua zetu za usiku, na atufikishe Ramadhani nyingine tukiwa wazima, sisi na wetu.

Mwaka ulikuwa mzito, na kila nyumba yajua uzito wake. Nazi, sukari, mafuta, unga wa ngano, vyote vimepanda. Mama muuza kaimati wa njiani kwetu hakupandisha bei, alipunguza tonge, maana mteja wake ni maskini kama yeye. Futari zilipungua sahani, lakini sahani za majirani hazikuacha kuvuka njia. Alhamdulillahi.

Kwetu tulipungukiwa na mtu. Mama alitutoka mwezi wa Rajabu. Baada ya arobaini tulifungua kasha lake. Mlikuwa na tasbihi, jozi mbili za leso zisizokatwa, na daftari lililojaa maandishi yake, Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Zilikuwa hesabu za kofia. Kila kofia ya vito, ile ya vitobo vya sindano, aliyoishona, na moja humla mtu miezi, aliandika bei yake na kando yake kile ilichonunua: karo ya muhula, viatu vyangu, taa ya chemni. Nami niliyesomesha watoto miaka thelathini niliketi mkekani nikifuata herufi moja moja kwa kidole, kama mtoto anayeanza chuo cha Kurani, nikisoma yale ambayo mamangu aliyaandika kwa wepesi baada ya isha.

Na huyu ndiye aliyewekewa wino wa kidole gumba katika afisi moja, kwa kuwa "hajui kusoma". Nilikuwa naye. Hakujibu kitu. Tulipofika nyumbani alikiosha kile kidole kwa sabuni na ndimu, kisha akakiosha tena.

Basi mniwie radhi, salamu za mwaka huu zitakuwa ndefu kidogo. Mwezi mzima nimeona mkibishana kwenye simu. Kijana mmoja asema ufeministi, yaani kudai haki za wanawake, umeletwa na Wazungu kuja kuvunja nyumba zetu. Binti amjibu kwamba sisi wa pwani tulikuwa gizani mpaka ukatufikia. Wote wawili hawajamuuliza bibi yao.

Nyumba nyingi za mawe za mji huu zilikuwa za mabinti. Baba alijenga, binti akiolewa hupewa nyumba au orofa, na mume ndiye aliyehamia kwa mke. Zama hizo Uingereza, mali ya mwanamke aliyeolewa iliingia mkononi mwa mumewe, na ni sheria ya mwaka 1882 iliyompa haki kamili ya kumiliki chake. Yule mwanamke wa Kizungu mnayedhani alizaliwa na haki zake alizipigania. New Zealand walipata kura mwaka 1893. Uingereza walipata mwaka 1918, tena wenye miaka 30 na sifa za mali, wenzao wakangoja hadi 1928. Hapa Kenya wanawake wa Kizungu walipewa kura mwaka 1919, na wengi wa bibi zetu hawakuiona mpaka enzi ya uhuru.

Lakini tusijisifu sana kwa nyumba zile, maana zilikuwa za waungwana. Mwenye nyumba akitoka alitembea ndani ya shiraa, hema la nguo lililoshikwa na vijakazi wake. Kijakazi aliyeshika mti wa shiraa hakuwa na nyumba, wala ruhusa ya kujifunika kama bibi yake. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani yetu mwaka 1907. Buibui likaenea, na miongoni mwa waliolipokea kwa furaha ni wanawake ambao mama zao walinyimwa sitara. Anayeliona buibui leo akaona kifungo tu, na akumbuke kwamba kuna waliolivaa siku ya kwanza kama watu walioachiwa huru.

Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi. Wasomi wa leo humlaumu kwa kumfunza binti kumtii mume. Mimi namwona mama aliyejua kwamba hatakuwapo kumlea mwanawe, na aliyekuwa na kalamu. Mamangu aliuhifadhi utendi huo karibu wote. Kisiwa cha Pate, kwao Mwana Kupona, kimo katika jimbo la Lamu Mashariki, ambalo mwaka 2022 lilimpeleka Ruweida Obo bungeni. Ndugu zetu wa Malindi walitutangulia kwa Aisha Jumwa mwaka 2017, kisha Amina Mnyazi mwaka 2022. Na kabla ya wote hao, mwaka 1913, Mekatilili wa Menza aliwasimamisha Wagiriama mbele ya serikali ya Waingereza, akakamatwa na kupelekwa bara, mbali na watu wake.

Julai 1985 nilikuwa darasa la saba. Mfunguo Mosi, mwezi wa Idi, ulikuwa ukielekea kwisha, na redio ikawa haina habari ila mkutano wa Umoja wa Mataifa wa wanawake wa dunia nzima, uliokuwa Nairobi. Mama alisikiliza huku sindano ikienda. Taarifa ilipokwisha aliniuliza neno moja: "Wametaja karo?"

Swali hilo nalirudisha kwenu. Katiba ya 2010 yasema jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa. Mwaka 2020 Jaji Mkuu Maraga alimshauri Rais alivunje bunge kwa kushindwa kuipitisha sheria yake, na bunge likabaki. Lakini lile la bunge tuliache. Mangapi tumeyapitisha nyumbani kwetu?

Ndugu zangu wanaume, fungu la mwanamke katika mirathi limetajwa katika Surat An-Nisaa, mali iwe chache au nyingi. Ni nani aliyekupa wewe ruhusa ya kumwambia dada yako angoje? Miaka kumi angoja nini, nawe unakula kodi ya nyumba ya baba yenu? Umefunga siku zote, na haki ya mtu iko mfukoni mwako! Baba, usimtoe binti shuleni kwa sababu mposaji ana haraka. Sheria ya ndoa ya 2014 imeweka miaka 18, na mposaji kesho atakuwapo. Mama, mfunze mwanao wa kiume kuosha sahani aliyoilia. Nanyi mabinti mliosoma, msiseme mama zenu hawakusoma. Jifunzeni hati zao kabla hawajaondoka, mimi nimechelewa. Tumche Mungu katika wanawake wetu, walio hai na walio makaburini.

Mola awarehemu waliotutangulia, awaponye wagonjwa, awafungulie riziki mabaharia, wavuvi na wachuuzi, na awarudishe salama walio safarini. Kullu aam wa antum bikhayr.

Mosi na pili ya Idi mlango uko wazi. Mahamri yatakuwapo kwa kipimo cha Mama, na watoto waje wachukue mkono wao wa Idi. Khitma yake ni Ijumaa baada ya alasiri. Mwenye kuzijua zile hati na aje mapema, kuna kurasa mbili za daftari zimenishinda.

Nduguyenu,
Mwalimu mstaafu, Langoni