Maharage yameota, namba zimefutwa

Ndugu Mhariri,

Miaka yote nasoma gazeti lako na kunyamaza. Ila ile habari yenu ya shule za msingi kufundisha sayansi "kwa vitendo", na picha ya watoto wameshika makopo ya maharage wanachekelea, imenishinda kumeza.

Mjukuu wangu yuko darasa la tano. Waliambiwa wapande maharage, kopo moja dirishani, jingine kabatini, wapime urefu, watafute wastani, wachore grafu. Kazi nzuri kabisa. Akapima, tena rula akaianzia kwenye sifuri, siyo kwenye ncha ya mbao kama wenzake. Ya kabatini yakawa marefu kuliko ya dirishani: rangi ya manjano, mashina membamba, yameinama. Mwalimu akatazama daftari akasema haiwezekani, mmea bila mwanga haukui, futa! Mtoto akafuta, akanakili namba za ubaoni, na darasa zima likatoka na grafu moja, utadhani maharage yote yamekula kiapo. Mhariri, mimi nimekuwa bwana shamba mpaka nikastaafu. Mbegu ikiota gizani hurefuka haraka kutafuta mwanga, inakula akiba iliyomo kwenye yale mapande yake mawili. Akiba ikiisha, inakufa. Ndiyo maana urefu peke yake hautoshi: hesabu majani, angalia rangi, kausha mmea upime uzito. Somo lenyewe lilikuwa pale daftarini, likaondoka na ufutio. Na zilizooza bila kuota? Watoto waliambiwa walete mbegu nyingine, kwa hiyo jedwali linasema zimeota zote.

Shule hiyo hiyo ina shamba la mahindi nyuma ya vyoo. Elimu ya Kujitegemea, sera ya Mwalimu Nyerere ya 1967, ilitaka shamba liwe sehemu ya masomo; siku hizi hupelekwa huko waliochelewa kuhesabiwa namba asubuhi. Mtoto anapalilia kwa adhabu mpaka anamaliza la saba hajapima hata mhindi mmoja. Mavuno yanakwenda wapi, wazazi hatuambiwi.

Pendekezo langu halihitaji semina wala posho. Ufutio upigwe marufuku kipindi cha Sayansi. Mbegu zipandwe 10 dirishani na 10 kabatini, zisizoota ziandikwe kwa wino mwekundu. Mwalimu ambaye namba hazimpendezi apande upya mwenyewe, nyumbani kwake, kwenye kabati lake la vyombo.

Bwana shamba mstaafu,
Morogoro