Wapatanishi hawasubiri mwezi wa uchaguzi

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwakumbushe Wakristo wenzangu neno moja ambalo tumelizoea mno hata hatulisikii tena. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 5, Bwana wetu anasema, "Heri wapatanishi, maana hao wataitwa wana wa Mungu." Hakusema heri wapenda amani, wala heri wanaonyamaza. Mpatanishi ni mtu anayewafanya wengine wapatane, na maana ya kupatana tunaijua sote, kwa kuwa hata sokoni watu hupatana bei wakiwa wamesimama ana kwa ana, kila mmoja akitaja yake, hadi wafike mahali ambapo hakuna kati yao aliyekuwa amesimama mwanzoni. Anayekaa nyumbani kwake akiomba mioyo ya watu itulie bado hajampatanisha mtu yeyote.

Naandika sasa kwa sababu uchaguzi mkuu wa Kenya wa Agosti 2027 hauko mbali. Kila mwaka wa uchaguzi, ukibaki mwezi mmoja au miwili, makanisa yetu huandaa maombi ya amani, mabango hutundikwa na viongozi wa dini hupigwa picha wakiwa wameshikana mikono, kisha watu hurudi vijijini na yale yale waliyokuja nayo vifuani. Sipingi maombi. Mimi ni katekista, na kusali ndiyo kazi yangu ya kila siku. Ninachopinga ni kuyafanya maombi yawe badala ya safari ya kwenda kwa jirani.

Watu wa umri wangu hawahitaji kukumbushwa ghasia za baada ya uchaguzi za 2007 na 2008, lakini wako vijana watakaopiga kura kwa mara ya kwanza ambao wakati huo walikuwa hawajazaliwa au walikuwa wangali migongoni mwa mama zao. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia hizo, iliandika kwamba watu 1,133 walipoteza maisha, na 405 kati yao waliuawa kwa risasi. Hapa kwetu Uasin Gishu, siku ya Mwaka Mpya wa 2008, kanisa la Kiambaa liliteketezwa pamoja na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto, wakiamini kwamba nyumba ya Mungu haingetiwa moto. Katika nchi ambayo zaidi ya watu wanane kati ya kumi hujiita Wakristo, hatuwezi kudai kwamba walioua na waliouawa walikuwa wageni kwa ubatizo. Mapema mwaka huo Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya (NCCK) lilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walishindwa kuyakabili mambo yaliyoigawa nchi kwa kuwa wao wenyewe walikuwa wameegemea upande. Naliheshimu sana ungamo hilo. Lakini lilitoka juu, na sisi wa chini tulilisikia redioni kama habari ya watu wengine, hakuna aliyetuuliza yetu.

Yangu nitayasema hapa. Tuliporudi kwenye shamba tulilolikimbia, katikati ya 2008, wakati wa Operesheni Rudi Nyumbani, mpango wa serikali wa kuwarudisha makwao waliohamishwa, tulikuta nyumba imebaki kuta tupu. Wiki chache baadaye niliyaona mabati yetu. Yalikuwa yameezekwa jikoni kwa jirani, ng'ambo ya kijito, nami niliyatambua kwa mstari wa rangi ya kijani ambao marehemu baba aliupaka ukingoni kabla ya kuyapigilia misumari. Kwa miaka minne nilipita hapo kila asubuhi nikipeleka maziwa, nikayatazama, nikanyamaza. Jumapili tulisali katika kanisa moja, na padre alipotualika tupeane amani tulipeana mikono, mimi na jirani yangu, macho yake yakiwa sakafuni na yangu yakiwa ukutani. Nabii Yeremia aliwakemea watu walioiponya jeraha ya taifa "kwa juu-juu tu, wakisema, Amani, Amani, wala hapana amani." Ndivyo tulivyokuwa, na parokia nzima ilituona kuwa watu wanaoishi vizuri.

Aliyeuvunja ukimya huo ni mama mmoja wa jumuiya yetu ndogo ndogo, yaani kikundi cha familia za Kikatoliki zinazosali pamoja kijijini, mjane asiye na cheo chochote. Alikuja kwangu, akakaa, akanywa chai, akaniuliza kama nina neno na jirani. Nikamweleza habari za mabati. Hakutoa hukumu. Alikwenda kule, na baada ya wiki moja akaniletea jambo ambalo sikulitarajia, kwamba jirani naye alikuwa na neno juu yangu. Mwanawe alipigwa risasi barabarani Januari ile, wakamzika, nasi tuliporudi hatukukanyaga kwake hata siku moja kumpa pole. Ilikuwa kweli tupu. Kijana huyo nilikuwa nimemfundisha darasa la sita, na habari za kifo chake nilikuwa nazo. Nilijiambia kwamba nyumba iliyotuchomea haistahili rambirambi zetu, ilhali sikuwa na ushahidi wowote kwamba mtoto yule alishika kiberiti.

Mama huyo alitembea baina ya nyumba zetu mbili kwa karibu miezi mitano, mara nyingi akirudi bila jibu. Siku tulipokutana hatimaye, chini ya mparachichi wa jirani, mimi ndiye niliyetangulia kusema, nikampa pole ya mwanawe ikiwa imechelewa miaka minne. Alikaa kimya kwa muda mrefu, akikwaruza ardhi kwa fimbo yake, wala sikujua kama angesimama aondoke. Wiki iliyofuata alileta mabati 18 kwa mkokoteni, yakiwa na matundu ya misumari ya zamani na mengine ya misumari yake. Nilimrudishia manane, kwa sababu jiko lake lingebaki wazi na mvua za masika zilikuwa zimekaribia.

Tangu siku hiyo nausoma kwa namna nyingine ule mstari wa Mathayo 5 unaomtaka mtu aiache sadaka yake mbele ya madhabahu aende akapatane kwanza. Bwana hasemi, ukikumbuka kwamba una neno juu ya ndugu yako. Anasema, ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako. Kwa miaka mingi niliufundisha mstari huo kinyume, nami sidhani kwamba niko peke yangu.

Njia aliyoifuata mama yule haikuwa ya kubuni. Alikuwa ameisikia katika mafunzo ya Jimbo Katoliki la Eldoret, lililoongozwa na Askofu Cornelius Korir tangu 1990 hadi alipofariki Oktoba 2017. Wengi wanamkumbuka askofu huyo kwa jinsi alivyoufungua uwanja wa Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu kwa watu wapatao 10,000 waliokimbia makwao katika ghasia za 2007 na 2008, wengi wao si wa kabila lake, na hilo pekee lilitosha kumpa heshima. Mimi namkumbuka zaidi kwa kazi ndefu isiyopigwa picha, ambayo aliianza tangu mapigano ya kikabila ya 1992, ya kuzungumza kwanza na kila upande peke yake ili watu watoe uchungu wao bila kukatizwa, kisha kuwakutanisha wachache, kisha wengi, na mwishowe kuwapa kitu cha kukifanya pamoja, kama vile shule au barabara, ili wasikutane kwa ajili ya malalamiko tu. Kazi hiyo huchukua miezi, wakati mwingine miaka. Ndiyo maana haiwezi kuanza Julai 2027.

Mpatanishi vilevile hapaswi kuwa mtu aliyekwisha kununuliwa. Nilifurahi Septemba 2021 kule Butere, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana alipowanyima wanasiasa nafasi ya kuhutubu ibadani, na nilifurahi tena Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilipoukataa mchango wa mamilioni ya shilingi uliotolewa na Rais William Ruto katika parokia ya Soweto. Wako waliosema ni kiburi kumkatalia mtu sadaka yake. Mimi naona kwamba mchungaji ambaye paa la kanisa lake limeezekwa na mgombea mmoja hataaminiwa na wafuasi wa mgombea mwingine siku atakapobisha hodi kuwaomba waweke mapanga chini, hata akiwa mtakatifu.

Kuna pia wanaodhani kwamba kupatanisha ni kuwatuliza wanaolia. Wazazi waliopoteza watoto katika maandamano ya Juni 2024 ya kupinga muswada wa fedha, wakiambiwa na mhubiri kwamba tudumishe amani, husikia wakiambiwa wanyamaze. Mhubiri huyo aketi nao kwanza, alisikie jina la mtoto na namna alivyokufa, kisha alipeleke jambo hilo kwa wenye mamlaka bila kulipunguza makali. Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki alipokuwa Nakuru, katika mapigano ya kikabila ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliyakemea wazi, wala hakuna aliyeweza kusema kwamba kwa kufanya hivyo aliacha kuwa mtu wa amani.

Kwa hiyo nawasihi maaskofu, wachungaji na mapadre, hasa wa Bonde la Ufa, wasingoje bajeti wala kongamano. Kila jumuiya ijiulize ni nyumba zipi ambazo hazisalimiani, na ni nani anayeweza kuingia zote mbili akapewa kiti. Waislamu waliomo vijijini mwetu waalikwe tangu mwanzo, kwa kuwa mara nyingi wao ndio wanaoaminiwa na pande zote mbili. Katika jumuiya yetu tumekwisha kuziandika nyumba kumi na moja katika daftari la katibu, na jirani yangu wa ng'ambo ya kijito ni mmoja wa watakaozitembelea. Mimi nimepewa mbili. Ya kwanza nitaiendea Jumamosi hii, baada ya kupeleka maziwa.

Wako katika Kristo,
Katekista na mwalimu mstaafu,
Burnt Forest, Kaunti ya Uasin Gishu